Mtandao Ulikuwa Unasumbua

Kuna sentensi moja ambayo kila Mtanzania mwenye simu anaifahamu: "Samahani, mtandao ulikuwa unasumbua." Anaisema mfanyakazi ambaye hakutaka kupokea simu ya bosi saa tatu usiku. Anaisema mdaiwa. Anaisema kijana aliyeusoma ujumbe wa mjomba, akaona neno "mchango", akaiweka simu kifudifudi mezani. Anayeambiwa mara nyingi anajua, na anayesema anajua kwamba mwenzake anajua, basi wote wawili wanasema "hamna shida" na maisha yanaendelea. Lugha yenyewe inasaidia. Neno "mtandao" kwetu ni mnara, ni bando, ni WhatsApp, ni kila kitu, kwa hiyo hata ukitaka kumbana mtu ni mtandao gani hasa uliosumbua, huna pa kuanzia. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Ya huyu ni ndefu sana, maana hakuna wa kuihakiki.

Uongo huu tunauhesabu kuwa hauna aliyeumia. Mimi nadhani yupo, na anaishi mahali panapojulikana. Mwaka jana nilikaa wiki kadhaa kwenye ufukwe wa Ziwa Tanganyika, nikikusanya takwimu za biashara ya dagaa kwa ajili ya tasnifu yangu ya uzamili. Mambo ya simu hayakuwemo kwenye dodoso langu. Yaliingia yenyewe.

Tuanze na mjini. Manispaa ya Kigoma-Ujiji imetandazwa juu ya vilima vinavyoshuka ziwani. Ukitoka Mwanga ukateremka mpaka Ujiji, simu ileile, laini ileile, inabadilika tabia njiani kama mtu anayepita kwa wakwe. Juu kilimani video inacheza bila kigugumizi. Ukiingia kwenye nyumba za bondeni, ujumbe unakaa na tiki moja mpaka utoke uani. Nilipopanga chumba, mwenye nyumba alinionyesha choo, bomba, kisha msumari kwenye fremu ya dirisha: simu inatundikwa pale, ndipo inaposhika. Dawa ya wenyeji ni laini mbili au tatu za kampuni tofauti. Inafanya kazi, ila ina maana kwamba aliye kwenye kivuli cha mawimbi analipa mara mbili ili apate kile ambacho jirani yake wa mlimani anakipata kwa bando moja.

Ukipanda boti pale Kibirizi kuelekea kaskazini, kupita Hifadhi ya Gombe hadi vijiji vya karibu na mpaka wa Burundi, hali inakuwa nyingine kabisa. Ziwa hili limelala ndani ya Bonde la Ufa. Ni la pili kwa kina duniani, karibu mita 1,470, na milima yake inaanguka majini bila kuacha uwanda wa maana. Vijiji vimebanwa kwenye vipande vya mchanga kati ya mlima na maji. Mawimbi ya simu hupenda kwenda moja kwa moja. Mlima ukikaa katikati, kijiji kinabaki gizani hata kama mnara uko kilomita chache tu nyuma ya kilima. Juu ya maji hakuna cha kuyazuia. Kwa hiyo mvuvi aliye mbali ziwani usiku, taa zake zikivuta dagaa, anaweza kupata mtandao ambao mke wake nyumbani hana. Wakati mwingine simu inanasa mnara wa Burundi au wa Kongo na kumkaribisha nchi ambayo hajaenda.

Kuna jambo moja la kiufundi ambalo nilipolisoma lilinikaa kichwani. Kwenye mfumo wa zamani wa 2G, ambao bado unabeba simu nyingi za vitochi, mnara una ukomo wa kama kilomita 35. Ukomo huo hautokani na nguvu ya mawimbi. Mnara humgawia kila mtu sehemu ndogo mno ya sekunde ya kujibu, na ukiwa mbali kuliko hapo jibu lako linafika wakati zamu yako imeshapita. Simu yako inaweza kuusikia mnara vizuri kabisa. Mnara ndio usiokusikia wewe, kwa sababu umechelewa.

Katika kijiji kimoja huko kaskazini nilizoeana na mama mmoja anayeanika dagaa. Ili apatikane kwa simu anapaswa kupanda mlima karibu nusu saa, mpaka mahali ambapo watu wanapaita tu "kwenye mtandao". Kupanda huko ni kuacha dagaa mchangani, na dagaa hawaachwi: kuna ndege, kuna mbuzi, kuna wingu linalotokea ghafla juu ya mlima. Kupatikana, kwa mama huyu, kunapimwa kwa saa za kazi. Mnunuzi wake wa jumla alikuwa Kibirizi, na kwa miaka kadhaa alikuwa akimpa hela ya kutangulia kabla ya msimu. Siku moja lori lilikuwa linaondoka na nafasi ya magunia manane ilikuwa yake. Mnunuzi alipiga tangu asubuhi ili kuthibitisha kama mzigo unakuja. Haipatikani. Jioni akajaza nafasi kwa mzigo wa mwingine. Magunia ya mama yalifika kesho yake kwa boti, bei imeshashuka, akauza kwa hasara.

Alipopata mtandao akampigia kueleza.

"Aliniambia, 'Mama, kila mtu siku hizi ni mtandao. Wenzako mbona wanapatikana?' Nikamwambia, baba, huku kweli hakuna. Akasema, 'Sawa mama.'" Akanyamaza kidogo. "Hakuniita mwongo, mwanangu. Ila hiyo sawa yake naijua."

Msimu uliofuata hela ya kutangulia haikuja.

Ujiji, kilomita chache kutoka Kibirizi, pana kumbukumbu ya mahali ambapo Stanley alikutana na Livingstone mwaka 1871. Watalii huonyeshwa mwembe na kusimuliwa ile salamu maarufu. Sehemu inayonivutia mimi ni ya siku chache kabla ya salamu. Livingstone alirudi Ujiji kutoka Manyema, mgonjwa, akitegemea bidhaa zake alizoletewa na kuachiwa mtu azitunze. Kwa maelezo yake mwenyewe, alikuta mtunzaji ameshaziuza zote, na sababu aliyoambiwa ni kwamba mtu huyo alipiga ramli na ramli ikaonyesha mzungu amekufa. Kwa muda mrefu hakusikika, basi kimya chake kikatafutiwa maana, na maana iliyopatikana ikawa ile yenye faida kwa anayeitafuta. Siku hizi hatupigi ramli. Tunasikiliza sauti ya kike ikituambia namba haipatikani, halafu tunaamua wenyewe: ananikwepa, hana shida na hela, hajali.

Mwaka 1797 Immanuel Kant aliandika insha fupi ya kumjibu Benjamin Constant, akishikilia kwamba hata muuaji akigonga mlango wako akimtafuta rafiki yako aliyejificha ndani, huna haki ya kumdanganya. Darasani watu huicheka insha hii, na mimi pia sikubaliani naye kuhusu muuaji. Lakini katikati ya ukaidi huo kuna sababu inayostahili kuchukuliwa peke yake. Kant anasema uongo, hata usipomdhuru mtu yeyote unayeweza kumtaja, unafanya maneno ya watu kwa jumla yapungukiwe na imani, na kwa hiyo unawakosea binadamu wote. Kinachonitatiza ni hilo "wote". Hasara ya sentensi yetu haigawanywi sawasawa. Bosi wa Dar es Salaam akisema mtandao ulisumbua, ana laini nyingine, ana ofisi, ana jina, ana mtu wa kumtetea. Akishukiwa hapotezi kitu. Mama wa dagaa ana sentensi hiyo tu, nayo imeshatumiwa na watu milioni kabla haijamfikia.

Miranda Fricker, mwanafalsafa wa Uingereza, aliandika mwaka 2007 juu ya dhuluma anayotendewa msemaji pale msikilizaji anapompunguzia imani kwa sababu ya chuki au dhana aliyonayo juu ya watu wa aina yake. Nilidhani nimepata jina la jambo nililoliona. Halafu nikamfikiria mnunuzi. Yule bwana hana chuki na wanawake wa ufukweni, amefanya nao kazi miaka. Alichonacho ni uzoefu. Kwa siku moja anaambiwa "mtandao" na dereva, na karani, na mteja anayemdai, na anajua kwamba wengi wao wanamdanganya. Kumtilia mama shaka ilikuwa hesabu ya kawaida ya mtu mwenye akili. Ndiyo maana jambo hili linanisumbua kuliko chuki. Chuki unaweza kumwambia mtu aiache. Hapa kila mmoja ametenda kwa busara, na bado mkweli ndiye aliyelipa.

Imani katika neno fulani ni mali ya pamoja, kama ziwa. Kila anayechota kidogo haoni kilichopungua. Mwaka 2024 serikali ilifunga uvuvi Ziwa Tanganyika kwa miezi mitatu, kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, ili samaki wapate kuzaliana, na wavuvi wakanung'unika lakini wakapandisha vipe mchangani. Neno huwezi kulifunga miezi mitatu.

Siku tatu kabla ya ziwa kufungwa, Mei 12, nyaya mbili za baharini za EASSy na Seacom zilipata hitilafu na intaneti ikazorota nchi nzima na kwa majirani. Kwa siku hizo chache sentensi yetu ilipata heshima yake. Aliyesema mtandao unasumbua aliaminiwa palepale, kwa sababu ulikuwa unamsumbua na anayeambiwa, na kwa sababu mamlaka zilitoa taarifa. Niliwaza baadaye, nikiwa kijijini: hali iliyofanya Dar es Salaam itangaze dharura ndogo ndiyo Jumanne ya kawaida hapa. Tofauti ni kwamba ya hapa haina taarifa kwa vyombo vya habari.

Nilipomsimulia haya rafiki yangu mmoja, alinijia juu, na hoja yake si nyepesi. Alisema: wewe unataka watu wavuliwe kinga ya mwisho waliyonayo. Zamani ukifunga mlango watu wanajua umelala. Sasa simu imeondoa mlango. Bosi anapiga usiku, ndugu wanapiga wakitaka hela ambayo huna, na kwa adabu zetu huwezi kumwambia mjomba "nimeona simu yako ila sitaki kuongea". "Mtandao" ndiyo komeo lililobaki. Ni adabu, tena, kwa sababu inamwachia mjomba heshima yake.

Nakubali karibu yote. Mtu ana haki ya kutopatikana, na nadhani ni haki ambayo kizazi chetu kitalazimika kuipigania kazini hasa. Lakini komeo hili tumeling'oa kwenye mlango wa mtu mwingine. Mama yule hataki kujificha. Anataka kupatikana na hawezi. Sisi tunaopatikana na hatutaki tumeazima shida yake, tukaivaa, na tukaichakaza. Kama bosi hawezi kuvumilia kusikia "nilikuwa nimepumzika", basi hapo ndipo penye ugonjwa, na lawama kubwa iende kwa bosi kabla ya kwenda kwa mfanyakazi. Kuhusu mjomba bado sina jibu. "Mjomba, kwa sasa sina" ni sentensi fupi, lakini najua uzito wake.

Kuna wanaosema minara itamaliza mjadala. Mei 2023 serikali, kupitia Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, UCSAF, ilisaini mikataba na kampuni za simu ya kujenga minara 758 katika kata 713. Ni kazi kubwa na sitaki kuibeza. Ila mahesabu ya kata hayajui milima. Kwenye ufukwe huu kata moja inaweza kuwa na vijiji vilivyotengwa na mgongo wa mlima; mnara ukisimama kwenye kimoja, kata nzima inahesabiwa kuwa imefikiwa. Na kuna jambo ambalo sijaona likizungumzwa. Kadiri minara inavyoongezeka, ndivyo wachache waliobaki kwenye kivuli wanavyozidi kutoaminika. Nusu ya nchi ikiwa haina mtandao, "huku hakuna mtandao" ni taarifa. Vikibaki vijiji vichache, sentensi hiyohiyo inakuwa kisingizio kabla hujaimaliza. "Wenzako mbona wanapatikana?"

Mama na wenzake hawajasubiri wanafalsafa wala mafundi. Siku hizi wanamtumia nahodha. Boti likiondoka asubuhi wanamwambia bei, idadi ya magunia, na jina la mnunuzi, naye akifika mahali simu inaposhika anapiga: huko kwa mama fulani leo hakuna mtandao, mimi nimetoka huko, mzigo ninao. Nahodha anaaminika kwa sababu anaonekana Kibirizi kila siku na hana dagaa wa kuuza. Nilimuuliza kama wanamlipa kwa kazi hiyo. Akacheka, akasema bado, ila vocha anaweka mwenyewe, na siku boti lisipotoka kwa sababu ya upepo hakuna wa kusema chochote.