Msomi na Kibanja cha Dada Yake

Kila mwaka vyuo vikuu vinapofunguliwa, wapo wazazi wanaotujia na swali moja. Mtoto amekubaliwa kusomea uhandisi, au udaktari, au uhasibu. Nyumba nzima imefurahi, kahawa imeuzwa, ndugu wamechangishana. Baada ya majuma machache mtoto anapiga simu: katika masomo ya mwaka wa kwanza limo moja la lazima lisilohusu mashine wala dawa. Ni habari za jamii na maendeleo, za mila, za matajiri na maskini, za wanaume na wanawake, na jinsi watu wanavyobaguana. Asipolifaulu hapewi shahada. Ndipo mzazi anapouliza: ya nini kumlipia mhandisi somo la ubaguzi?

Hapa Hamugembe, mjini Bukoba, swali hilo tumeulizwa mara nyingi, na si swali la kipuuzi. Ada ni nzito, na anayeilipa ana haki ya kujua ananunua nini. Basi yatupasa kulijibu.

Somo hili lina historia yake katika nchi yetu. Chuo cha Dar es Salaam kilifunguliwa tarehe 25 Oktoba 1961, kikiwa na wanafunzi wachache wa sheria katika jengo la TANU. Miaka mitano baadaye, tarehe 22 Oktoba 1966, wanafunzi waliandamana kupinga masharti ya kulitumikia taifa katika Jeshi la Kujenga Taifa. Mwalimu Nyerere aliwarudisha makwao mamia kwa mamia, na siku hiyohiyo akatangaza kuupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Taifa zima likajiuliza: hawa tunaowasomesha kwa jasho la mkulima, ni wa nani? Mwezi Machi 1967, Azimio la Arusha likiwa bado bichi, ulifanyika mkutano chuoni kutafakari kazi ya Chuo Kikuu katika nchi hii. Hapo lilianzia wazo la somo moja la pamoja kwa wanafunzi wote, wa sheria na wa sayansi. Mwaka 1973 ikaundwa Taasisi ya Taaluma za Maendeleo ili ilifundishe. Yaliyomo yamebadilika mara nyingi tangu hapo, ila shabaha imebaki: msomi asitoke chuoni akiwa mgeni kwa watu wake.

Mataifa mengine nayo yamefanya hivyo kwa sababu zao. Walimu wa Chuo Kikuu cha Berkeley, Marekani, walipitisha mwaka 1989 kwamba kila mwanafunzi asome walau somo moja juu ya makabila na mataifa mbalimbali yaliyoijenga nchi ile. Sharti likaanza kutumika mwaka 1991. Katika Chuo Kikuu cha Free State, Afrika ya Kusini, ilijulikana mwaka 2008 kwamba wanafunzi wanne Wazungu walikuwa wametengeneza filamu ya kuwadhihaki na kuwadhalilisha wafanyakazi Waafrika wa bweni lao. Watu wale waliwatandikia na kuwafagilia. Miaka michache baadaye chuo kiliweka somo la lazima kwa wote wa mwaka wa kwanza, ili wajifunze kuishi pamoja. Vijana wale wanne hawakuwa wajinga. Walikuwa wamefaulu mitihani yote ya kuwafikisha pale.

Wapo wasemao kwamba mafundisho ya kupinga ubaguzi ni mali ya kigeni, yamekuja pamoja na fedha za wafadhili. La hasha! Tarehe 29 Oktoba 1939, vita kuu ikiwa imeanza na itikadi ya ubora wa rangi ikitamba Ulaya, Baba Mtakatifu Pio XII aliwaweka wakfu mjini Roma maaskofu kumi na wawili wa mataifa mbalimbali. Mmoja wao alikuwa Yosefu Kiwanuka wa Masaka, jirani yetu kabisa. Mwezi Oktoba 1961 wapo wabunge waliotaka uraia wa Tanganyika uwe wa watu weusi tu. Mwalimu aliwapinga kwa ukali, akasema serikali yake iko tayari kujiuzulu. Naye alisema hivyo akiwa ametoka kuonja ubaguzi wenyewe. Miaka mitatu tu nyuma, katika uchaguzi wa kura tatu, kila mpiga kura alikuwa amelazimishwa kumchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja, nao watoto wa rangi tatu walisoma katika shule tatu tofauti. Na mwaka 1965 Mtaguso Mkuu wa Vatikano wa Pili, ambamo alikaa pia Mwadhama Laurean Kardinali Rugambwa, ulifundisha waziwazi kwamba kumbagua mtu katika haki zake za msingi, ama kwa jinsia, ama rangi, ama lugha, ama dini, ama hali yake ya maisha, ni kinyume cha mpango wa Mungu.

Hata hivyo, kumlaani kaburu wa mbali ni kazi rahisi. Mwanafunzi wetu anaweza kujaza kurasa nne juu ya dhambi za Afrika ya Kusini na Marekani, akapata alama ya juu, na asiguswe popote. Twaona kwamba somo hili linapata thamani yake pale tu linapomfuata kijana mpaka nyumbani kwao. Na kwa kuwa si haki kuanza na nyumba ya jirani, tutaanza na yetu, hapa Buhaya.

Kulikuwako nyarubanja. Kwa wasomaji wasioijua: mashamba ya migomba yalihesabiwa kuwa ya bwana, aliyepewa na mkama, na waliokaa na kulima humo vizazi kwa vizazi walimlipa kodi na kumtumikia. Serikali ya huru iliivunja desturi hiyo kwa sheria ya mwaka 1965 na nyingine ya mwaka 1968. Sheria ilimaliza kodi, lakini ulimi haukufuata upesi. Mpaka leo wapo wanaokumbushana nani alikuwa bwana wa nani. Kulikuwako pia watu wa Rwanda na Burundi waliokuja kutulimia kahawa. Wakachimba, wakavuna, wakazaa watoto hapa, nasi tukawapa majina ya dharau ambayo hatutayaandika katika gazeti hili.

Tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016 lilipozipasua nyumba za mji wetu, watu walilala nje pamoja, na hakuna aliyemwuliza mwenzake ukoo wala dini. Ulizeni leo nani atamwoza binti yake kwa nani, mtasikia majibu mengine.

Lakini jambo tunalotaka kulisema kwa kirefu ni la binti na kibanja. Katika mila ya Kihaya shamba la ukoo si mali ya mtu mmoja tu. Humo wamezikwa mababu. Humo mrithi mkuu, yaani musika, husimama badala ya baba. Kwa hiyo wazee waliogopa kwamba binti akiolewa atalichukua shamba na kulipeleka ukoo mwingine. Hofu hiyo iliandikwa rasmi katika kanuni za sheria ya kimila zilizotangazwa na serikali mwaka 1963: mwanamke aweza kulitumia shamba la ukoo, asiliuze, maadamu yupo mwanamume wa ukoo huo.

Mwaka 1988, wilayani Muleba, mwanamke mmoja aliyerithi shamba la ukoo kwa wosia wa baba yake aliliuza kwa mtu asiye wa ukoo, kwa shilingi 300,000. Alikuwa anazeeka, wala hakuwa na mtu wa kumtunza. Mpwa wake akaenda katika Mahakama ya Mwanzo ya Kashasha, akitaka mauzo yafutwe kwa sababu moja tu, kwamba muuzaji ni mwanamke. Mahakama ile ikamkubalia. Mahakama ya Wilaya ya Muleba ikatengua. Rufani ikafika Mahakama Kuu, Mwanza, na mwaka 1990 Jaji Mwalusanya akaamua kwamba kanuni ile haiwezi kusimama mbele ya Katiba, ambayo ilikuwa imeongezewa haki za binadamu mwaka 1984. Mwanamke na mwanamume wana haki moja juu ya shamba walilorithi. Ndugu wakitaka kulikomboa, na walikomboe kwa kulipa bei ileile, kama wafanyavyo anapouza mwanamume. Kesi hiyo, Ephrahim na Pastory, hutajwa katika vitivo vya sheria ndani ya Afrika na nje yake. Iliyoanza Kashasha inafundishwa katika miji ambayo Kashasha haijapata kusikika. Baadaye Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 nayo ikasema kwamba mila inayomnyima mwanamke ardhi ni batili.

Tafakarini mpangilio wake, enyi wazazi. Yule mama hakukataa ukoo. Mpwa yule hakudai kumtunza shangazi, alidai shamba. Mila yenyewe ilikuwa imempa kila ndugu zamu ya kumlinda mzee, na zamu hiyo haikushtakiwa na mtu yeyote mahakamani.

Maandiko Matakatifu yanaijua kesi ya namna hii. Katika kitabu cha Hesabu, binti watano wa Selofehadi walisimama mbele ya Musa na mbele ya wazee, mlangoni pa hema, wakauliza kwa nini jina la baba yao lifutike kwa kuwa hakuzaa mwana wa kiume. Musa hakuwafukuza, alipeleka shauri lao kwa Mungu, na Mungu akasema mabinti wana haki. Wengi wetu huishia hapo. Lakini mwishoni mwa kitabu wazee wa kabila lao wanarudi, na hofu yao ni ileile ya wazee wa Muleba: mabinti wakiolewa mbali, urithi utahamia kabila jingine. Musa anawasikiliza na hao, wala hawaiti washenzi. Anaweka utaratibu wa ndoa ndani ya kabila la baba. Haki ya mabinti haikuondolewa, na hofu ya wazee haikudharauliwa. Tungependa walimu wa vyuo vikuu wausome ukurasa huo kabla ya kuingia darasani.

Maana tunalo neno kwao pia. Somo hili mara nyingi hufundishwa katika kumbi zenye mamia ya wanafunzi, karatasi zilezile za miaka yote zikinakiliwa, mtihani ukifanywa na kusahauliwa. Ama kijana hukariri bila kuamini, ama huamini nusu: anarudi likizo akiwa ameiva kwa maneno, akiwadharau wazazi kwamba wako gizani. Nyanya yake akimkaribisha mgeni kwa akamwani, punje za kahawa za kutafuna, yeye anacheka. Hajui kwamba kwa tunda la kahawa, lenye punje mbili ndani ya ganda moja, Wahaya walifanya omukago, udugu wa kuchanjia, na mtu asiye wa damu wala wa ukoo akawa ndugu wa kufa na kuzikana. Mila iliyomfungia binti mlango wa shamba ndiyo hiyo iliyomfungulia mgeni mlango wa nyumba. Mwalimu asiyeyajua yote mawili atamfundisha kijana kuchukia kwao, na hilo nalo ni ubaguzi.

Sasa tuwarudie wazazi. Mtoto wenu mhandisi atapima mipaka ya mashamba na kujenga madaraja. Mtoto wenu daktari atakutana usiku na bibi asiyejua Kiswahili, mchafu wa safari, asiye na fedha, wa kabila ambalo nyumbani kwenu lilitajwa kwa kicheko. Atamwangalia kwa macho gani? Darasani amesikia jambo moja, mezani kwenu alisikia jingine kwa miaka ishirini. Hatuna shaka lipi lina nguvu zaidi.

Na iko siku ambayo twaiogopa kuliko mtihani wowote. Baba amefariki. Matanga yamekwisha, ukoo umekaa kikao cha kugawa mali. Dada mkubwa, aliyebaki nyumbani akamwuguza marehemu, ameketi pembeni na wanawake. Kaka yake msomi ameketi na wazee, kwa kuwa sasa ni mtu wa maana. Anaijua Katiba, ibara ya 13. Aliijibu katika mtihani. Analijua pia shamba, na fungu lake litakua dada akinyimwa. Wazee wanamgeukia: mwanetu, wewe uliyesoma, unasemaje? Twajua wasomi, Wakatoliki wa kubatizwa na kupewa kipaimara, ambao saa hiyo waliinamisha kichwa wakasema kwamba wao hawaingilii mila.

Kwa hiyo tunawashauri akina baba jambo lililo wazi: andikeni wosia mngali na nguvu, mkiwataja binti zenu kwa majina, na mwiteni mwana msomi ashuhudie. Wazee wa ukoo waelezwe mapema, wasikilizwe hofu yao, wakubaliane ni jinsi gani shamba litakombolewa ikiwa litauzwa. Kijana aliyesoma somo lile chuoni ataweza kuwasaidia kuandika. Hapo ada mliyolipa itakuwa imeanza kurudi.

Liko jambo la mwisho, linalotuhusu sisi wa Hamugembe na wa mitaa jirani. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinaleta tawi lake katika Mkoa wetu wa Kagera. Wanafunzi watatoka Mtwara, Pemba, Tanga na Kigoma, na wengi wao watatafuta vyumba vya kupanga. Tumekwisha kusikia wenye nyumba wakiambiana kwamba watu wa dini fulani hawatawapokea, wala wa kabila fulani. Tunawaomba maparoko na viongozi wa jumuiya ndogondogo walizungumze jambo hili tangu sasa, kabla mizigo ya vijana hao haijashushwa stendi.