Mwalimu wa Arnsdorf

Kila Noeli twauimba wimbo uitwao kwa Kijerumani Stille Nacht, wala hatuulizi ni nani aliyeutungia sauti. Ni mwalimu wa shule ya kijiji, Franz Xaver Gruber, mwana wa mfuma nguo, aliyezaliwa Hochburg katika nchi ya Austria mwaka 1787. Babaye alimtakia kazi ya kufuma. Mwalimu wake ndiye aliyemfunza muziki.

Tangu mwaka 1807 Gruber alifundisha watoto wa Arnsdorf, akawa pia sakristani wao, na baadaye akapiga kinanda katika kanisa la Oberndorf. Huko, tarehe 24 Desemba 1818, Padre Msaidizi Joseph Mohr alimpa shairi, akamwomba alitungie sauti mbili na gitaa. Jioni ile ile Gruber akaileta kazi yake, na usiku wakauimba wao wawili.

Kisha wimbo ukaenda zake duniani bila majina yao. Mwaka 1854 wanamuziki wa mfalme huko Berlin waliuliza Salzburg, wakidhani ni wa Michael Haydn. Ndipo Gruber, mzee wa miaka 67, alipoandika maelezo mafupi. Miaka 36 ilikuwa imepita! Nasi twanuna tusipotajwa Jumapili moja tu.

Hata katika maelezo hayo alimtanguliza Padre Mohr, aliyefariki mwaka 1848. Naye mwenyewe alijitaja kama mtaja mtu mwingine. Alikufa mwaka 1863 huko Hallein, alikokuwa mwalimu wa kwaya ya parokia.