Kanda ya Wizi

Je, ni haki kumpima mzee kwa kipimo cha ujana wake? Swali hili niliwahi kulijibu upesi mno, na jibu langu likanisuta.

Mwanafunzi wangu wa zamani, aliyekuja kuwa mwalimu chini yangu, alinitembelea hapa Lushoto akaniletea kanda. Ilirekodiwa kwa siri, kinasa sauti kimefichwa chini ya meza, katika ukumbi mmoja wa dansi Dar es Salaam, miaka ya mwanzo ya 2000. Waliokuwa jukwaani ni Msondo Ngoma, na mwimbaji ni Muhidin Maalim Gurumo, aliyekwisha kuvuka miaka 60.

Sisi wa rika langu tulimjua Gurumo kwa redio. Bendi ya NUTA ilianzishwa mwaka 1964, naye alikuwa miongoni mwa waimbaji wake wa mwanzo. Chama cha wafanyakazi kilipobadilika, bendi nayo ilibadili jina: JUWATA, kisha OTTU, hatimaye Msondo Ngoma. Katikati ya safari hiyo alihama. Mwaka 1978 alishiriki kuiasisi Mlimani Park, ile Sikinde, na mwaka 1985 akaenda Orchestra Safari Sound, kisha akarudi kwao. Nyimbo hizo zilirekodiwa katika studio za Radio Tanzania, nasi huku milimani tulizisubiri jioni, waya wa antena umefungwa mtini, ukungu ukiteremka kutoka Magamba. Sauti ile ya redioni ndiyo iliyokuwa mizani yangu.

Basi nikaisikiliza kanda. Chupa zinagongana, watu wanakohoa, gitaa la besi linafunika kila kitu. Mzee anaanza ubeti, pumzi inamkatikia, kijana anaupokea na kuumalizia. Nikaizima hata upande wa kwanza haujaisha. Nikasema, "Huyu angestaafu mapema, akatuachia kumbukumbu nzuri."

Mgeni wangu alinyamaza kidogo. Kisha akasema kwa adabu, "Uniwie radhi, Mwalimu. Mwaka wako wa mwisho kazini mtoto wa jicho alikuwa amekuziba. Hotuba ya mahafali uliianza wewe, nikaimalizia mimi. Sikumsikia mzazi hata mmoja akisema ungeondoka mapema."

Sikuwa na la kujibu. Usiku ule nikairudia kanda peke yangu, mpaka mwisho.

Ndugu msomaji, sitadai kwamba sauti ile ilikuwa haijachakaa. Huruma isiyosema kweli ni dharau iliyovaa kanzu. Sauti ilikuwa imepungua. Kosa langu lilikuwa kudhani kwamba sauti ndiyo kazi yote. Studioni mtu huimba dakika chache, kimya kimetanda, na wimbo ni wake. Ukumbini niliwasikia watu wakiimba pale pumzi ya mzee ilipokoma, na yule kijana hakuwa akimnyang'anya neno, alikuwa akimsubiri. Wimbo ulikuwa umeshakabidhiwa, na aliyeukabidhi alikuwa bado yupo kuhakikisha umefika salama. Jambo hilo kijana hawezi kulifanya, hata awe na koo la dhahabu. Jungu kuu halikosi ukoko.

Lakini kuna mkia wa jambo hili usionipa raha. Kanda ile ni ya wizi. Aliyeirekodi hakuomba ruhusa wala hakulipa. Sheria ya Hakimiliki ilikuwapo tangu mwaka 1999, na hata kama isingekuwapo, dhamiri ilikuwapo. Wala nisimnyoshee kidole peke yake. Mimi mwenyewe kwa miaka mingi nilinunua kanda zilizonakiliwa vibandani, nikijua kwamba mwimbaji hapati hata senti. Mwaka 2013 Gurumo alipotangaza kustaafu, mwanamuziki kijana Diamond Platnumz alimzawadia gari. Nilifurahi, kisha nikajiuliza mimi niliyesikiliza miaka yote hiyo nilimpa nini. Aprili 2014 akafariki dunia.

Je, faida niliyoipata katika kanda hiyo inautakasa wizi wake? La hasha. Mwizi akikuletea dawa ukapona, umepona kweli, na dawa ingali mali ya mwenyewe. Mambo haya mawili hayafutani. Yanakaa pamoja, na mtu mzima hana budi kuyabeba yote.

Deni langu kwa Gurumo siwezi tena kulilipa. Kwa walio hai naweza. Bendi za zamani zikipita Tanga au Korogwe, nalipa kiingilio changu. Na mzee yeyote akianza neno likamshinda katikati, simwambii apumzike. Namsubiri; na likimshinda kabisa, nalimaliza naye, kama nilivyomaliziwa mimi.