Usiku wa Mtoto Mchanga ni wa Nani?



Katika mafundisho ya ndoa tunazungumza mengi: uaminifu, mahari, pesa, wakwe, malezi ya watoto katika imani. Liko jambo moja tusilolitaja sana, nalo huwafikia wana ndoa mapema kuliko mengine mengi. Jambo hilo ni usiku. Mtoto wa kwanza amezaliwa, wageni wamekuja na leso na sabuni, wameimba, wameomba, wamekwenda zao. Saa nane usiku mtoto analia, mama anaamka. Saa kumi analia tena, mama anaamka. Baba amejifunika shuka hadi kichwani, na asubuhi anauliza kwa nini chai imechelewa.

Swali letu la leo ni hili: je, mume Mkristu anaweza kulala usingizi wake wote kwa dhamiri safi, huku mkewe akikesha peke yake usiku baada ya usiku? Wengine watacheka na kusema kwamba hilo si swali la dini, ni mambo ya nyumbani tu. Hebu tulitazame vizuri. Hapa Voi na huko milimani ziko ndoa zilizoanza kupoa katika miezi mitatu ya kwanza ya mtoto, bila ulevi, bila hawara, bila ugomvi wa pesa. Zilipoa kwa sababu mmoja alichoka kupita kiasi na mwenzake hakuona.

Mtoto hana kosa

Kwanza tumwelewe mtoto mwenyewe. Mtoto mchanga hulala sana, pengine saa 14 hadi 17 kwa siku, lakini hulala vipande vipande. Tumbo lake ni dogo na maziwa ya mama humeng'enywa upesi. Kwa hiyo hunyonya mara 8 hadi 12 katika saa 24, na giza halimzuii. Bado hajui usiku wala mchana. Mwili wake huanza kujipangia saa anapofikia miezi miwili au mitatu. Kilio chake huongezeka majuma ya kwanza, hufikia kilele karibu na juma la sita, kisha hupungua polepole.

Tena maziwa yenyewe yanategemea usiku. Homoni inayoutayarisha mwili kutengeneza maziwa, iitwayo prolaktini, hupanda zaidi usiku. Mtoto anaponyonya saa nane za usiku anaagiza maziwa ya kesho.

Mambo haya ni muhimu kwa sababu mtu aliyekosa usingizi hutafuta mkosaji. Leo atasema mtoto ni mkaidi. Kesho atasema maziwa ya mama hayatoshi. Keshokutwa atasema jirani ana jicho baya. Mtoto akiongezeka uzito kliniki, na akilowesha nepi sita au zaidi kwa siku, maziwa yanatosha. Akiwa na homa, akikataa kunyonya au akipumua kwa shida, hapo usingoje asubuhi, mpeleke hospitali. Lakini akilia kwa njaa tu, anasema kwa lugha pekee aliyo nayo. Hata Papa Fransisko, aliyefariki mwaka 2025, alipobatiza watoto katika Kikanisa cha Sistina mwaka 2014 aliwahimiza akina mama wawanyonyeshe palepale wakisikia njaa. Njaa ya mtoto si fujo.

Basi swali la "kosa la nani?" tuliache. Swali lenye jibu ni "mzigo wa nani?"

Hoja ya mume

Tumsikilize mume kwanza, kwa maana hoja yake si ya kipuuzi. Anasema: "Mimi ndiye ninayekwenda kazini. Mimi ni dereva wa lori. Nikisinzia kwenye usukani kati ya Maungu na Manyani nitaua watu, na mtoto huyu atakosa baba." Huu ni ukweli. Mwaka 1997 watafiti wawili wa Australia, Dawson na Reid, walionyesha kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo hufanya kazi vibaya kama mtu mwenye kileo cha asilimia 0.05 katika damu. Mke mwenye busara ataiheshimu hoja hiyo, na usiku wa kuamkia safari atamwacha mumewe alale.

Lakini hoja hiyohiyo inamgeukia mume. Mkewe naye ameshika usukani. Ameshika kichwa kisichoweza kusimama chenyewe. Anachemsha maji kwenye jiko la makaa akiwa na usingizi. Anasinzia kitini na mtoto kifuani, jambo la hatari kubwa, kwa maana mtoto anaweza kuteleza akabanwa asipumue. Ikiwa usingizi wa dereva unalindwa kwa sababu maisha ya watu yamo mikononi mwake, usingizi wa mama nao unastahili ulinzi kwa sababu hiyohiyo.

Wahenga walisema: mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Ukimwona mwenzako amebeba, unadhani ni sufi, ni mwepesi. Ndivyo mume anavyosema, "Yeye yuko nyumbani tu." Lakini huyo wa nyumbani tu ana kidonda cha kujifungua ambacho hakijapona, amenyonyesha mara kumi tangu jana, amefua nepi, na hajalala saa tatu mfululizo tangu mtoto azaliwe. Dhamiri safi haiwezi kutokana na kutojua, iwapo kujua kunahitaji tu kufunua shuka na kutazama.

Haki si nusu kwa nusu

Mwingine atauliza, "Nitamsaidiaje? Mimi sina maziwa." Ni kweli, Mungu amempa mmoja maziwa, na usiku hauwezi kukatwa katikati kama andazi. Haki ya ndoa haidai kila mtu afanye kilekile. Inadai kila mtu atoe anachoweza, ili mwenzake asibebe pia kile ambacho si lazima akibebe.

Kunyonyesha ni kwa mama. Lakini kumtoa mtoto kitandani na kumleta kifuani pa mama si maziwa. Kumbadilisha nepi si maziwa. Kumweka begani na kumpigapiga mgongo hadi abeue, kumlaza tena chali, kuchomeka chandarua vizuri, kumletea mama kikombe cha maji kwa kuwa kunyonyesha kunatia kiu, yote hayo hayahitaji ziwa. Mashuka ya kufua hayahitaji ziwa. Mitungi ya maji, kwa sisi ambao mifereji yetu hukauka siku nyingi, haihitaji ziwa.

Hebu mjaribu mpango huu. Mama anyonyeshe saa mbili usiku kisha alale mara moja, aache vyombo. Baba akae na mtoto sebuleni au barazani, ambembeleze, na asimwamshe mama mpaka mtoto awe na njaa kweli. Mama akipata saa tatu au nne za usingizi usiokatika, ataikabili saa nane kwa moyo mwingine. Naye baba, akilala saa tano au saa sita, bado atapata usingizi wa kutosha kwa kazi.

Mwenye ajira akumbuke pia kwamba Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inampa baba likizo ya majuma mawili yenye malipo mtoto anapozaliwa. Wako wanaoitumia kupaka rangi nyumba au kufuatilia shauri la shamba. Siku hizo zilitolewa kwa ajili ya mtoto na mama yake. Mchuuzi wa sokoni na mwendesha bodaboda hawana likizo hiyo, lakini usiku wanao.

Yosefu aliamka

Tukitafuta kielelezo, tumtazame Mtakatifu Yosefu. Injili hazikuandika hata neno moja alilolisema. Mathayo anatueleza aliyoyatenda, na mara kadhaa habari inaanza akiwa usingizini: anaota, anaamka, anatenda. Usiku ule wa kukimbilia Misri hakumwambia Maria kwamba mtoto ni kazi ya wanawake. Alimchukua mtoto na mama yake gizani, akaondoka. Tunamwita mlinzi wa familia kwa sababu alikubali usingizi wake ukatizwe kwa ajili ya mtoto. Mume anayeinuka saa nane kubadilisha nepi yuko katika njia ileile, ingawa safari yake ni ya hatua nne tu, kutoka kitandani hadi mezani.

Mama naye ana sehemu yake

Sasa nizungumze na akina mama. Dada yangu, usingoje mumeo akisie. Wanaume wengi wa kwetu hawakuona baba zao wakishika mtoto mchanga, na hawajui waanzie wapi. Mwambie waziwazi: "Baba fulani, leo nimechoka, mchukue mpaka saa nne." Na akimchukua, mwache. Akifunga nepi upande, usimpokonye. Mume anayekaripiwa kila akigusa mtoto ataacha kugusa, na hapo mtakuwa mmekosa wote wawili.

Jambo la pili, kuchoka si dhambi. Mama aliyetamani usiku mmoja mtoto asilie hajamkataa mtoto wake. Akihisi hasira inapanda, amlaze mtoto chali mahali salama, atoke nje dakika chache avute pumzi, amwamshe mumewe. Kamwe mtoto asitikiswe, kwa maana kumtikisa kunaweza kumwumiza ubongo au kumwua.

Na ikiwa huzuni inazidi majuma mawili, mama analia bila sababu, hana hamu ya chakula, hasikii upendo kwa mtoto au anawaza kujidhuru, huo ni ugonjwa na una tiba. Imani yake haijapungua. Mume asimwambie "omba tu." Asali pamoja naye, kisha ampeleke hospitali, iwe ni Moi hapa Voi, Wesu kule Wundanyi, au Taveta. Akitaja kujidhuru, waende siku hiyohiyo.

Mama mkwe na jumuiya

Mama mkwe ni baraka ya nyumba yenye mtoto. Lakini akisema, "Voi ni joto, mpe mtoto maji," au, "mpe uji alale," mjibuni kwa heshima kwamba kliniki imekataza. Maziwa ya mama yana maji ya kutosha hata kwenye joto letu, na Shirika la Afya Duniani linashauri maziwa ya mama pekee kwa miezi sita ya kwanza. Anayepaswa kusema maneno hayo ni mume, kwa kuwa ni mama yake. Asimwachie mkewe vita hivyo.

Nazo jumuiya ndogo ndogo, zinapokwenda kumwona mzazi, zisiende kukaa na kupikiwa. Wawili wachote maji, mmoja afue, mmoja ampike uji, kisha wasali kifupi na kumwacha alale. Sala ya namna hiyo humfaa sana aliyekesha.

Yuko pia mume anayefanya kazi Mombasa au Nairobi, ambaye hufika Mwatate au Wundanyi mwisho wa mwezi. Huyo atume pesa za msichana wa kusaidia ikiwa anaweza, apige simu kumwuliza mkewe amelalaje kabla ya kuuliza mtoto anaendeleaje, na siku anazokuwa nyumbani ashike zamu ya jioni na ya alfajiri. Asije kama mgeni wa kukaangiwa kuku.

Kuhusu mimba nyingine

Wengi huuliza jambo hili kwa sauti ya chini. Mwaka 1988 wataalamu waliokutana Bellagio, Italia, walikubaliana kwamba mama ambaye mtoto wake hajatimiza miezi sita, ambaye hedhi yake haijarudi, na ambaye ananyonyesha kikamilifu, ana uwezekano usiofika 2 kwa 100 wa kushika mimba. Wauguzi hushauri pia kwamba mtoto asikae zaidi ya saa nne mchana au saa sita usiku bila kunyonya. Sharti moja likikosekana, kinga imekwisha, na wana ndoa waende kujifunza njia ya asili ya kupanga uzazi. Njia hii inapatana na mafundisho ya Kanisa, na inategemea kunyonyesha usiku. Mume anayetaka nafasi kati ya watoto, lakini hataki kuamka kumletea mkewe mtoto, anataka mavuno bila jembe.

Basi usiku ni wa nani? Siku ya arusi hamkuahidiana mchana peke yake. Mliahidiana taabu na raha, ugonjwa na afya, na taabu ya kwanza wanayoletewa wengi wenu huja saa nane usiku ikiwa imefungwa leso. Ni ya wote wawili, hata kama mikono yenu haifanyi kazi ileile.

Leo jioni, kabla ya kuzima taa, kaeni pamoja mjibu maswali haya matatu bila kulaumiana. Jana usiku kila mmoja wetu alilala saa ngapi? Ni kazi gani ya usiku isiyohitaji maziwa ambayo bado anaifanya mama? Leo nani ataifanya?

Mungu abariki nyumba zenu na watoto wenu.