Mwalimu Asiyeonekana

Sisi tukaao Bububu twajua ya kuwa njia ya kwenda mjini si moja. Mwaka 1905 Wamarekani walitengeneza reli kutoka mjini hata hapa kwetu, yapata maili saba, na watu wakapanda gari la moshi. Motokaa zilipozidi, reli ikaachwa. Lakini safari haikuachwa. Twalitaja jambo hili kwa ajili ya swali ambalo ugonjwa wa korona uliwaachia walimu wa vyuo vikuu, nalo ni hili: Je, mwalimu asiyeonana na wanafunzi wake uso kwa uso afundisha kweli?

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Mwezi wa Machi 2020 vyuo vya Tanzania vilifungwa, na wanafunzi wa Tunguu, kiliko Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, wakarudi makwao. Katika nchi ya Kenya vyuo kadhaa viliendelea kufundisha kwa mtandao; kwetu masomo mengi yalingoja hata vyuo vilipofunguliwa tena tarehe 1 Juni 2020. Katika Uganda madarasa mengine ya shule hayakurudi hata Januari 2022.

Walimu walipoulizwa juu ya kufundisha kwa mtandao, hawakuwa na neno moja. Wengine walisema, “Ualimu ni macho. Nimwonapo kijana amekunja uso, najua hakuelewa. Katika mtandao naona jina lake tu.” Wengine walisema, “Si haki. Aliye mjini atasikia, na aliye shamba, ambako nyumba nzima ina simu moja, atakosa.” Tena lilikuwako neno la tatu, ambalo watu hawalisemi kwa sauti: mwalimu aliyeheshimiwa miaka mingi aona haya kukosea mbele ya vijana, akishika chombo ambacho wao wakijua kuliko yeye.

Na tuyapime maneno haya. La kwanza lina kweli, lakini si kweli yote. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichowekwa kwa sheria ya mwaka 1992, kimewafundisha watu walio mbali, nao wamehitimu. Tena yuko mwalimu asimamaye mbele ya darasa akisoma daftari lake la zamani pasipo kuinua kichwa. Huyo naye, ingawa aonekana, hayupo.

La pili ni zito, wala halifai kudharauliwa. Sisi wa Unguja tulikaa bila umeme tangu Desemba 2009 hata Machi 2010, kwa sababu ya hitilafu ya umeme uletwao kutoka bara kwa waya upitao chini ya bahari. Twajua jinsi njia moja inavyoweza kukatika. Lakini je, wote wakikosa, ndiyo haki? Mtoto wa mwenye mali ana vitabu nyumbani na baba wa kumwuliza. Mtoto wa maskini alikuwa na mwalimu tu. Mwalimu akinyamaza, ni nani aliyepotewa zaidi? Basi udhaifu wa njia si ruhusa ya kukaa kitako. Ni amri ya kutafuta njia ya pili: karatasi zilizopigwa chapa, sauti ya simu, na kurudia somo wakutanapo tena. Wala haifai kumtwika mwalimu peke yake gharama hizo. Chuo kimpe vyombo na kumfundisha kuvitumia.

La tatu dawa yake ni kukiri. Asemaye “nawahurumia wanafunzi,” hali ajihurumia mwenyewe, adanganya mara mbili. Heri aseme, “Sijui, nionyesheni,” maana mwalimu akubaliye kufundishwa ameisha kufundisha somo moja kubwa.

Nanyi walimu wa vijijini, msidhani maneno haya ni ya wakuu wa vyuo tu. Masika yafungapo njia, na darasa la watu ishirini likaja na watano, wale kumi na watano mwawahesabu kuwa ni wavivu, au mwawafuata? Twaona kipimo cha mwalimu si kuonekana kwake wala kutoonekana kwake. Kipimo ni hiki: ajue ni nani hakufikiwa, na asilale mpaka amemtafutia njia.