Ushahidi wa Safu Tupu

Longech ni ulimi wa mchanga unaoitenga Ghuba ya Ferguson na Ziwa Turkana, ng'ambo ya Kalokol. Maji ya ziwa yaliposhuka katika miaka ya 1980 ghuba ilikauka, na watu wakapita kwa miguu palipokuwa pakivuliwa samaki. Maji yakipanda, mashua ndiyo njia. Mvuvi wa huko hana haja ya kuamua kama anaishi rasini au kisiwani. Anayelazimika kuamua ni mtu aliyeketi mbele ya kompyuta akiandaa jedwali la vijiji, ambalo safu yake ya "aina ya mahali" inakubali neno moja tu. Ziwa lenyewe ni vivyo hivyo: Teleki alilibandika jina la Rudolf mwaka 1888, serikali ya Kenya ikaliita Turkana mwaka 1975, na Waturkana wanalo lao, Anam Ka'alakol. Kumbukumbu za samaki na za kina cha maji zimeandikwa kwa majina tofauti, na atakayezikusanya hana budi kuandika mahali fulani kwamba Rudolf na Turkana ni maji yaleyale. Mstari huo mfupi, usiosomwa na mtu ila na mashine, ndio ninaotaka kuuzungumzia. Anayeuandika anafanya kazi ya fundi, au anatoa ushahidi?

Data nyingi huchakatwa kwa mkupuo. Faili hukusanywa kutoka ofisi mbalimbali, kisha saa iliyopangwa, mara nyingi usiku, programu huzipitisha zote kwa pamoja, mamilioni ya mistari bila mtu kuitazama. Lakini faili hazifanani. Moja ina safu ya "jina kamili", nyingine imeligawa jina mara tatu. Moja inaandika tarehe ikianza na siku, nyingine ikianza na mwaka. Kwa hiyo kabla ya mkupuo kuanza mtu huandaa kipande kidogo cha kuoanisha: safu hii iende kule, neno hili lisomeke vile, kisichosomeka kifanywe hivi. Kazi hiyo inahesabiwa kuwa ya mipangilio tu, na mara nyingi huachiwa kijana aliyeajiriwa juzi. Nashikilia kwamba ni kazi ya shahidi. Anayeoanisha safu anasema jambo kuhusu watu ambao hajawahi kuwaona, na anayoyasema yatapokewa kwingine kama maneno yao wenyewe. Masharti yanayomfunga shahidi yanamfunga naye, na la kwanza kati yake ni kutosema asichoambiwa.

Tazama kwa karibu mahali ambapo sharti hilo huvunjwa. Spark, programu ya kuchakata data nyingi iliyoanzia Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 2009, humpa mtumiaji nafasi ya kuchagua namna ya kuupokea mstari usiolingana na safu zilizopangwa. Namna ni tatu. Ya kwanza ni kuvumilia: mstari unapokewa, na pale palipo na kisichosomeka panawekwa utupu. Ya pili ni kutupa: mstari wote unaachwa, kazi inaendelea kimya. Ya tatu ni kusimama: mstari mmoja mbovu ukikutwa, kazi yote inakatika. Usipochagua, programu inavumilia. Na katika kuvumilia huko kuna jambo ambalo wengi hulipita. Maandishi ya asili ya mstari ule yanaweza kuhifadhiwa yalivyo, kama tu umeyatengea safu yake. Usipoitenga, alichosema mtu kinapotea, na utupu unabaki bila kumbukumbu ya kilichokuwapo. Tofauti ya namna hizo, kwa maandishi ya mipangilio, ni neno moja. Kwa aliye upande wa pili wa faili ni tofauti ya kusikika vibaya, kutosikika kabisa, na kuwasimamisha wote hadi asikilizwe.

Tarehe ya kuzaliwa ndiyo mfano ulio wazi kuliko yote. Kambi ya Kakuma ilifunguliwa mwaka 1992, wakati vijana waliokimbia vita vya Sudan walipokuwa wakiingia kwa maelfu, na katika orodha za wakimbizi wa pande hizi tarehe 1 Januari ni siku ya kuzaliwa ya watu wengi kupita kiasi. Mama alisema mwaka na hakusema siku, au alitaja msimu, na safu ya tarehe haikubali msimu. Mwenyeji wa Turkana naye anaweza kukuambia kwamba mwanawe alizaliwa wakati wa Lopiar, ule ukame ulioandamana na maradhi ya mifugo kati ya 1979 na 1981. Hilo ni jibu lenye maarifa ndani yake. John Mbiti, mwanafalsafa na kasisi wa Kenya, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1969 kwamba katika desturi nyingi za Kiafrika wakati huhesabiwa kwa matukio. Mengine aliyoyasema kuhusu wakati yamepingwa sana, ila hili linaonekana kwa macho: Lopiar ni tarehe. Anayeigeuza kuwa 1 Januari 1980 amefanya mambo mawili kwa mpigo. Ameongeza uhakika ambao haukuwapo, na amefuta uhakika uliokuwapo, kwa sababu mtu aliyezaliwa Lopiar ana wenzake wanaojua nani alimtangulia na nani alimfuata. Safu tupu yenye maandishi ya asili kando yake ingekuwa kweli zaidi kuliko tarehe iliyojaa.

Majina nayo yanasumbuliwa vivyo hivyo. Mtoto wa kike aliyezaliwa mvua ikinyesha huitwa Akiru, wa kiume Ekiru. Akikua, mwanamume wa Kiturkana anaweza kujulikana pia kwa jina linalotokana na dume lake la ng'ombe, na kwa marafiki zake hilo ndilo linalomtaja hasa. Jedwali lenye "jina la kwanza, la kati, la ukoo" litamchukua baba au babu na kumfanya ukoo, na ndugu wawili wakiandikishwa katika ofisi mbili watatoka na koo mbili. Hata Kakuma yenyewe haikusalimika. Maandishi mengi ya wageni yanadai kwamba neno hilo ni la Kiswahili na maana yake ni "pasipo mahali". Msomaji wa Kiswahili anajua kwamba hatuna neno la namna hiyo. Mtu mmoja alioanisha vibaya, wengine wakanakili, na mji wenye wenyeji wake tangu kabla ya kambi ukaandikwa kote duniani kama mahali pasipokuwapo.

Atakayenipinga kwanza ni fundi mwenyewe. Atasema mashine haina dhamiri, na yeye alifuata umbo la jedwali alilopewa. Lawama, kama ipo, ni ya aliyelibuni au ya afisa atakayelitumia. Hoja hii ina uzito, maana ni kweli kwamba uamuzi umegawanyika mikononi mwa wengi. Lakini angalia yaliyotokea kaskazini mwa Kenya. Katika miaka ya njaa, Wakenya wa Garissa na kaunti jirani waliwaandikisha watoto wao kama wakimbizi katika kambi za Dadaab ili wapate chakula na shule. Alama za vidole zikahifadhiwa. Watoto hao walipotimiza miaka 18 na kuomba kitambulisho, alama zao zilikutwa katika faili la wakimbizi, na ombi likakwama. Maelfu walikaa miaka mingi bila kitambulisho, na bila kitambulisho Kenya huwezi kusajili laini ya simu wala kufungua akaunti ya benki. Kesi ilifunguliwa mwaka 2021, na Januari 2025 Mahakama Kuu ya Garissa ikaamua kwamba haki zao zilikiukwa. Programu haikukosea hapo: vidole vilikuwa vyao kweli. Kosa lilikuwa katika kuoanisha, katika kanuni isiyoandikwa kwamba aliyemo katika faili hili hawezi kuwa raia. Mtu fulani aliigeuza "alipokea mgao" ikawa "si Mkenya". Sentensi hizo mbili si moja, na aliyezifanya moja alisema jambo kuhusu watoto wale ambalo hakuna aliyemwambia. Kwamba na wengine walikosea hakumwondolei neno lake, kama vile shahidi wa pili haepuki kiapo kwa sababu wa kwanza naye alidanganya.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, nami sitalipunguza. Ni la wingi. Kakuma na makazi ya Kalobeyei pamoja yana karibu watu 300,000. Ukisimamisha kazi kwa kila mstari usiosomeka, mgao hautatoka, na mwenye njaa hawezi kungoja falsafa. Ndiyo maana programu za mkupuo zina kiwango cha kuruka: unaweka namba, tuseme mistari 500, na mibovu ikiwa chini ya hapo kazi inaendelea bila kelele. Wakristo wa Lodwar wanaujua mfano wa mchungaji aliyewaacha kondoo tisini na tisa kumtafuta mmoja aliyepotea, katika Injili ya Luka, na mtu anaweza kudhani kwamba mimi namtaka fundi afanye hivyo, awaache wengi nyikani. Sidhani mfano ule unadai hivyo. Mchungaji aliweza kwenda kwa sababu alijua ni nani hayupo, na mfugaji wa Turkana, anayemtambua kila mnyama kwa rangi na mabaka yake, hahitaji kufafanuliwa hilo. Kiwango cha kuruka si dhambi kwa kuwa kinaruka. Kinakuwa dhambi pale kinaporuka bila kuandika kimemruka nani. Mistari 500 iliyowekwa kando ikiwa kamili, ikapelekwa asubuhi kwa mtu mwenye jina na wajibu wa kuifuatilia, haichelewishi mgao wa yeyote. Inachogharimu ni mshahara wa mtu mmoja, na hapo ndipo kwa kawaida mjadala wa wingi unapogeuka kuwa mjadala wa bajeti.

Turkana imeuona pia upande wa kusimama. Tarehe 31 Agosti 2010 Waziri wa Mipango, Wycliffe Oparanya, alipotangaza matokeo ya sensa ya 2009, alifuta hesabu za wilaya nane, tatu kati yake zikiwa Turkana Kaskazini, ya Kati na Kusini, akisema ongezeko halikulingana na vizazi na vifo. Shaka ilikuwa na msingi: Turkana ilihesabiwa watu wapatao 450,000 mwaka 1999, ikafika 855,399 mwaka 2009, kisha sensa ya 2019 ikapata 926,976 tu. Hata hivyo, ndani ya hesabu iliyofutwa walikuwamo watu halisi waliojibu maswali, na kufuta hakukutenganisha mmoja na mwingine. Tofauti yake na kutupa kimya ni kwamba kulifanywa hadharani, kwa sababu iliyotajwa, na watu wakaweza kwenda mahakamani. Kusimama kunauma, ila kunaacha mlango wa kubisha.

Kuna pingamizi la tatu, la waumini, nalo ndilo linalonigusa zaidi. Mwenyezi Mungu, au Akuj kama wasemavyo Waturkana, ndiye pekee amjuaye mtu. Kila daftari la binadamu ni pungufu, na Biblia inasimulia kwamba Daudi aliadhibiwa kwa kuwahesabu watu. Kwa nini tugombee safu? Naona upungufu huo ndio unaoleta wajibu. Aya ndefu kuliko zote katika Kurani, ya 282 ya Sura ya Al-Baqara, inahusu kuandika deni: inamtaka mwandishi aandike kwa haki, anayedaiwa ndiye aseme maneno yake, asiyeweza kusema msimamizi wake amsemee, na mashahidi wawepo. Utaratibu wote huo umewekwa na Mungu ambaye hahitaji daftari. Umewekwa kwa sababu yetu sisi tunaosahau na kupindisha. Kinachonishangaza ni mpangilio wake: mwenye jambo anasema, mwandishi anafuata. Katika uoanishaji wa faili tumeupindua: safu inasema, mwenye jambo anafuata.

Kuongeza safu si jambo lisilowezekana. Sensa ya 2019 iliweka jibu la tatu katika swali la jinsia, na watu 1,524 wakahesabiwa kama huntha. Walikuwapo mwaka 2009 na mwaka 1999. Namba hiyo ni ndogo mno ndani ya sensa ya mamilioni ya watu, na kama faili lingeendelea kukubali majibu mawili, programu ingemaliza kazi yake salama, bila onyo hata moja.

Mwaka 2025 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilianza kuzigawa kaya za Kakuma katika makundi manne kwa kadiri ya uhitaji, na kundi la nne, la wanaohesabiwa kuwa wanajimudu, halikupangiwa chakula. Kugawa kwa uhitaji fedha zinapopungua kunaweza kuwa haki. Ila katika mgawanyo wowote wa namna hiyo zitakuwapo kaya ambazo safu moja haikujazwa: mume hajulikani aliko, umri haukusomeka, watoto wameandikwa chini ya jina la shangazi. Kabla ya mkupuo kuanza, lazima mtu aamue utupu huo usomeke kama namba ya kundi lipi, na anayengoja kwenye foleni ya mgao hajui kwamba swali hilo liliulizwa, wala nani alilijibu kwa niaba yake.