Kifafa na Seli za Kiinitete: Dhamiri ya Mgonjwa

Mwaka 1953, mjini Hartford nchini Marekani, Henry Molaison alipasuliwa ubongo. Alikuwa na miaka 27, na dawa za kifafa zilikuwa zimeshindwa. Daktari William Scoville aliondoa sehemu kubwa ya hipokampasi zote mbili, sehemu za ubongo zinazohusika na kumbukumbu. Mishtuko ilipungua sana, lakini Molaison hakuweza tena kuhifadhi kumbukumbu mpya; hadi alipofariki mwaka 2008, watafiti waliomjua kwa miongo kadhaa aliwapokea kama wageni.

Njia mpya inayojaribiwa, upandikizaji wa seli, haiondoi kitu, huongeza. Mshtuko wa kifafa huja pale seli nyingi za neva zinaporusha umeme kwa pamoja pasipo kizuizi, na seli zinazopandikizwa ni zile zinazotoa kemikali ya GABA, ambayo hutuliza jirani zake. Mwaka 2013, kundi la mtafiti Scott Baraban huko San Francisco liliripoti kuwa nusu hivi ya panya waliopandikizwa seli hizo hawakupata tena mishtuko. Mwaka 2022 kampuni ya Neurona ilianza kuzijaribu kwa binadamu, na wagonjwa wawili wa kwanza waliripotiwa kupungukiwa na mishtuko kwa zaidi ya asilimia 90. Wawili ni wachache mno kuthibitisha tiba. Wanatosha, hata hivyo, kulifanya swali la dini lisisubiri.

Seli za Neurona zilikuzwa kutokana na seli shina za kiinitete cha binadamu, yaani seli zinazoweza kugeuka seli za aina nyingine. Tangu James Thomson alipozitenga seli shina za namna hiyo mwaka 1998, njia ya kawaida ya kuzipata imekuwa kukiharibu kiinitete cha siku chache, kilichobaki baada ya matibabu ya ugumba.

Kanisa Katoliki linakataa. Waraka wa Vatikani wa mwaka 2008, Dignitas Personae, unafundisha kuwa binadamu aheshimiwe kama mtu tangu kutungwa mimba, hata pale nia inapokuwa kuponya. Mafakihi wengi wa Kiislamu huanzia kwingine: hadithi inayoeleweka kuwa roho hupulizwa baada ya siku 120. Mwaka 2003 Baraza la Fiqhi mjini Makka liliruhusu viinitete vya ziada vitumike kwa ridhaa ya wazazi, likakataza kuvitengeneza kwa makusudi hayo.

Yupo mtu anayesahaulika katika mjadala huu: mgonjwa mwenyewe. Takriban theluthi moja ya wenye kifafa hawatulizwi na dawa. Yeye hakukiharibu kiinitete chochote, wala hakuulizwa. Waraka uleule wa Vatikani, ukizungumzia chanjo, unatofautisha kati ya wanaoamua kutumia seli zenye asili haramu na mzazi anayemkinga mtoto wake na hatari. Huyo anaweza kuikubali chanjo, mradi adai nyingine isiyo na doa. Haukutaja kifafa, lakini mantiki hiyo inamfaa pia anayeanguka jikoni karibu na moto. Kumhukumu yeye kwa uamuzi wa maabara ni dhuluma.

Kumficha asili ya seli hizo ni dhuluma pia. Tangu 2007, kwa kazi ya Shinya Yamanaka, seli shina huweza kutengenezwa kutokana na ngozi ya mtu mzima, kwa hiyo kudai njia nyingine si ndoto. Daktari atakayempa mgonjwa fomu ya ridhaa amweleze kwanza, kwa lugha anayoielewa, seli hizo zilitoka wapi.